Sura ya Nne: Mchanga Mweusi, Mchanga Mweupe

Kisiwa cha Martinique si kikubwa. Mtu akiondoka Saint-Pierre, kaskazini magharibi, baada ya chai ya asubuhi, atakuwa Les Salines, karibu na ncha ya kusini, kabla ya adhuhuri, hata foleni ya Fort-de-France ikimchelewesha. Alikotoka mchanga ni mweusi na mzito, na jua likipanda huwezi kuukanyaga pekupeku. Alikofika mchanga ni mweupe na laini, na minazi imeinamia maji ya rangi ya feruzi. Kisiwa ni kilekile. Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona Karibi nzima ikitangazwa kwa picha moja ya kiti cha kulalia, mnazi na maji ya buluu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini inaficha mengi, na yanayofichwa ndiyo matamu zaidi.

Weusi wa Saint-Pierre umetoka mlimani. Tarehe 8 Mei 1902, saa mbili asubuhi, mlima Pelée ulitema wingu la gesi na majivu ya moto, nalo likauteremkia mji kwa dakika chache tu. Watu wapatao 28,000 walikufa. Miongoni mwa wachache mno walionusurika alikuwamo mfungwa, Louis-Auguste Cyparis, aliyekuwa amefungiwa peke yake katika chumba cha mawe chenye kuta nene. Mawe ya volkano ambayo Pelée umekuwa ukiyamwaga tangu zama za kale yamesagwa na mito na mawimbi hadi yakawa ufukwe ambao leo watoto wa Saint-Pierre wanauchezea wakitoka shule.

Ukiitazama ramani ya upande wa mashariki wa Karibi, utaona visiwa vimejipanga kama upinde. Kwa kweli safu ni mbili. Ya ndani ni ya volkano: Montserrat, Dominica, Martinique, Saint Lucia, Saint Vincent. Ya nje ni ya chokaa, yaani matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji: Anguilla, Antigua, Barbuda. Guadeloupe imezishika zote mbili kwa mpigo. Nusu yake ya magharibi, Basse-Terre, ni milima ya volkano, na nusu ya mashariki, Grande-Terre, ni tambarare ya chokaa. Katikati yake pana mkono mwembamba wa bahari tu. Mwenyeji akikuambia anatoka upande gani, unaweza kukisia amekulia kwenye mchanga wa rangi gani.

Fukwe nyeusi hazisifiwi inavyostahili. Watalii wengi huziona chafu, nami nasema wanapoteza. Dominica, ambayo karibu yote ni milima na misitu, ina mahali karibu na kijiji cha Pointe Michel ambapo gesi ya volkano hupenya kwenye sakafu ya bahari na kupanda juu kwa mapovu madogo madogo yasiyokoma. Muogeleaji hupita katikati ya mapovu hayo, maji vuguvugu yakimtekenya mwili mzima, na samaki wa rangi zote wakipita chini yake. Hakuna ufukwe mweupe utakaokupa jambo hilo. Montserrat nako, ambako mlima wa Soufrière Hills ulianza kulipuka Julai 1995, mji mkuu wa Plymouth umefukiwa na majivu na hauna mkazi hadi leo. Fukwe za kisiwa hicho ni nyeusi na za kijivu, isipokuwa moja ya mchanga mweupe, Rendezvous, nayo hufikiwa kwa mashua au kwa kupanda kilima kwa miguu.

Mchanga mweupe nao una wazazi wake, na sehemu kubwa ya shukrani imwendee pono. Sisi watu wa pwani tunamtaja kwa usingizi wake mzito, lakini mchana huyo samaki hana muda wa kulala. Kutwa nzima anakwangua miani iliyoota juu ya matumbawe kwa mdomo wake mgumu, anameza na vipande vya jiwe, anavisaga kwa meno yaliyo kooni, kisha anaitoa chokaa ikiwa mchanga safi. Ukizamia karibu na miamba unamsikia akitafuna. Changanya kazi yake na makombe yaliyovunjika, na mwani wa aina ya halimeda ambao una chokaa ndani yake, na matumbawe yaliyosagwa na mawimbi, ndipo unapata fukwe kama Grace Bay ya Turks na Caicos.

Pono amezidi kuwa muhimu tangu mwaka 1983, ugonjwa ulipowaangamiza wale viumbe wa bahari wenye miiba mirefu myeusi waliokuwa wakishirikiana naye kula miani hiyo. Ulianzia Panama na kuenea Karibi nzima, ukiua zaidi ya asilimia 90 yao. Miani ikakosa mlaji, ikaanza kuyafunika matumbawe. Belize ilipiga marufuku uvuvi wa pono mwaka 2009, na Barbuda ikafuata mwaka 2014. Mvuvi anayemrudisha pono majini katika sehemu hizo anauchunga ufukwe ambao wajukuu wake wataukalia.

Kisha kuna mchanga wa waridi. Barbuda inao, Bonaire inao, na Harbour Island ya Bahamas ina ufukwe wa takriban kilomita 5 unaojulikana kwa rangi hiyo, ingawa kijiografia Bahamas imo Atlantiki. Wekundu huo hutoka kwa viumbe wadogo sana wa seli moja wenye magamba mekundu, wanaoishi chini ya miamba. Wakifa, magamba yao hupigwa na mawimbi, husagika na kuchanganyika na mchanga mweupe. Mchana wa jua kali rangi hiyo hufifia. Iendee alfajiri, mchanga ukiwa bado umelowa, hapo ndipo huonekana vizuri.

Msomaji aliyezaliwa Lamu, Pemba au Bagamoyo atashangazwa na jambo moja ambalo vitabu vya watalii havilitaji: bahari ya Karibi karibu haipwi. Kwetu bamvua huweza kufikia mita 4. Maji yakitoka, wanawake wanatembea mbali hadi kwenye miamba kutafuta pweza na chaza, na ngalawa zinabaki zimelala ubavu. Karibi, sehemu nyingi, tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki nusu mita, kwa sababu mawimbi ya kupwa na kujaa yanapozunguka ndani ya bonde lile la bahari hufikia mahali yakafutana. Maji uliyoyaacha asubuhi unayakuta palepale jioni. Hiyo ni raha kubwa kwa anayependa kuogelea, kwani hana haja ya kuuliza mwezi uko wapi. Lakini ndiyo sababu pia watu wamejenga vibanda, baa na hoteli karibu kabisa na maji, na bahari inapopanda hata kidogo hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Kinachotawala kule ni upepo. Pepo za biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo kila kisiwa kina pande mbili zenye tabia tofauti. Barbados ndiyo mfano bora. Magharibi, upande uliokingwa, bahari imetulia, na matajiri wamejenga majumba yao huko. Mashariki, upande ambao mabaharia wetu wangeuita wa joshini, mawimbi yamesafiri Atlantiki nzima bila kizuizi kabla ya kupiga Bathsheba. Huko hakuogeleki ovyo. Kuna miamba mikubwa imesimama majini, imeliwa chini na mawimbi hadi imebaki na kichwa kipana juu ya shingo nyembamba, na vijana wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi hutoka nchi za mbali kuja kujipima nguvu. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, naacha magharibi kwa wenye majumba na kwenda Bathsheba kukaa juu ya majani, kutazama tu.

Minazi, hiyo minazi inayopamba kila picha, ni wageni. Columbus alipofika mwaka 1492, hakukuwa na mnazi hata mmoja kwenye visiwa vile. Wareno waliichukua kutoka Bahari ya Hindi, pwani yetu ya Afrika Mashariki ikiwemo, wakaipanda Visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko ikavuka Atlantiki katika karne ya 16. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba minazi ya Karibi ni ukoo mmoja na ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Mswahili akiketi chini ya mnazi wa Tobago ameketi kivulini kwa ndugu. Mshelisheli nao uliletwa, kutoka Tahiti, na Kapteni William Bligh mwaka 1793, ili wamiliki wa mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Mkungu umeletwa. Mvinje umeletwa pia, na watunza mazingira wengi wa Karibi hawaupendi, kwa kuwa huzuia mimea ya asili inayoshika mchanga, na mizizi yake huwasumbua kasa wanaotafuta pa kuchimba.

Mti mmoja wa asili yafaa uujue kabla hujatandika kanga yako. Unaitwa manchineel. Una majani ya kijani yanayong'aa na matunda yanayofanana na tufaha dogo, yenye harufu nzuri. Usile, usiguse utomvu wake, wala usijikinge mvua chini yake, maana matone yanayopita kwenye majani hayo huunguza ngozi hadi ikatoa malengelenge. Hata moshi wa kuni zake huumiza macho. Kwenye fukwe nyingi shina lake limezungushiwa mstari wa rangi nyekundu. Wenyeji hawaukati ovyo, kwa sababu mizizi yake hushika mchanga.

Kati ya yote yanayotokea kwenye fukwe hizo, linalonigusa zaidi hutokea usiku, kaskazini mwa Trinidad, katika kijiji cha Grande Riviere. Kuanzia Machi hadi Agosti, kasa wakubwa kuliko wote duniani, wale wenye mgongo wa ngozi nyeusi badala ya gamba gumu, hupanda pwani kutaga. Katika usiku wa kilele huweza kufika mamia, na ufukwe wenyewe ni mfupi. Jike mmoja huwa na uzito wa kilo 300 na zaidi. Huja polepole, akijikokota kwa mapezi yaliyoumbwa kwa ajili ya maji, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kuvuta pumzi nzito unayoisikia gizani. Akipata pahali, hufukua kwa mapezi ya nyuma. La kushoto linakunjika, linachota mchanga, linaumwaga kando, kisha la kulia linafanya vivyo hivyo, bila kugusa ukingo wa shimo, na yote hayo hayaoni. Hutaga mayai yapatayo 80 yenye kiini, akaongeza madogo yasiyo na kiini juu yake. Macho yake hutiririka majimaji mazito ya chumvi muda wote. Akimaliza hufukia, akazunguka zunguka juu ya mchanga ili asijulikane alipotaga, kisha hurudi baharini.

Zamani kasa hao waliuawa palepale kwa nyama. Leo, kati ya Machi na Agosti, huruhusiwi kuingia ufukwe huo usiku bila kibali, na anayekuongoza ni mtu wa kijijini mwenye taa nyekundu isiyomsumbua kasa. Huko Matura, pwani ya mashariki ya kisiwa hichohicho, kikundi cha wanakijiji kiitwacho Nature Seekers kimekuwa kikifanya doria tangu mwaka 1990. Hawakusubiri mtu wa nje aje kuwalindia.

Na chakula! Ufukwe wa Karibi usio na moshi wa kikaangio ni nusu ufukwe. Maracas, mwendo mfupi kutoka Port of Spain, Trinidad, watu hupanga foleni kusubiri mkate wa kukaanga uliopasuliwa na kujazwa vipande vya papa, kisha kila mmoja anajimwagia mwenyewe sosi ya ukwaju, ya vitunguu saumu na ya pilipili. Watetezi wa papa sasa wanaomba watu waagize samaki wengine kwenye mkate uleule, na mkate haupungui utamu. Familia zinazotoka nyumbani huja na sufuria ya pelau, wali uliopikwa kwa kuku, mbaazi na tui la nazi, binamu kabisa wa pilau yetu, ila kuku wake hupakwa rangi kwa sukari iliyounguzwa. Barbados kuna samaki warukao pamoja na cou-cou, ugali laini wa mahindi uliosongwa na bamia, chakula kilichovuka bahari pamoja na Waafrika. Hellshire, karibu na Kingston, Jamaika, samaki mzima hukaangwa hadi mapezi yakakauka, akamwagiwa siki yenye vitunguu, karoti na pilipili kali, akaletwa pamoja na mkate wa mhogo na andazi refu la unga wa mahindi. Ufukwe wa Hellshire umeliwa sana na bahari tangu miamba iliyokuwa ikiukinga ilipodhoofika, na baadhi ya vibanda vimezama. Wapishi waliobaki bado wanakaanga.

Hapo ndipo linapoingia swali la nani mwenye ufukwe. Jamaika bado inatumia sheria ya fukwe ya mwaka 1956, ya enzi ya ukoloni, ambayo haimpi mwananchi haki ya jumla ya kufika baharini. Sehemu kubwa ya pwani nzuri imezungushiwa ukuta wa hoteli, na kuna vyama vya wananchi vinavyodai mabadiliko hadi leo. Kisiwa hichohicho, mwaka 2008, kiliamka kukuta mchanga wa takriban lori 500 umeibwa kutoka ufukwe wa Coral Spring, mkoa wa Trelawny. Mtu ameiba ufukwe! Cuba ilizifungua fukwe zote kwa umma mwaka 1959, lakini baadaye Wacuba wenyewe hawakuruhusiwa kulala kwenye hoteli za watalii za Varadero hadi mwaka 2008. Barbados fukwe ni za wote kisheria, na palipotokea minong'ono ya kuwazuia wananchi, mwimbaji wa kalipso Mighty Gabby alitoa wimbo wake "Jack" mwaka 1982, ukaimbwa kisiwa kizima. 

Vieques, kisiwa kidogo cha Puerto Rico, kililipa bei kubwa zaidi. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikigeuza kuwa uwanja wa mazoezi ya mabomu kwa miongo mingi, na baadhi ya fukwe bado zinaitwa kwa majina ya kijeshi, ufukwe mwekundu, ufukwe wa buluu. Mwaka 1999 bomu lilimuua David Sanes, mlinzi raia, mzaliwa wa kisiwa. Wananchi wakaenda kupiga kambi kwenye mchanga ulioangukiwa na mabomu, wakakamatwa kwa mamia, wakarudi tena. Mwaka 2003 jeshi liliondoka. Kisiwa hicho kina ghuba, Mosquito Bay, ambayo usiku usio na mwezi maji yake huwaka mwanga wa buluu kila yanapotikiswa. Ni vijidudu vya seli moja, maelfu kwa maelfu, vinavyong'aa vikiguswa. Ukichovya mkono, mwanga hushuka na matone. Kuogelea humo kumepigwa marufuku ili mafuta ya ngozi yasiviue, na wageni hutembezwa kwa mitumbwi.

Siwezi kumaliza bila kutaja mwani. Tangu mwaka 2011, mwani wa kahawia unaoelea, sagasamu, umekuwa ukifika Karibi kwa wingi usiowahi kuonekana. Mwaka 2018 ukanda wake ulinyooka kutoka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko, ukiwa na zaidi ya tani milioni 20. Ukioza pwani hunuka kama yai bovu, na wafanyakazi huanza kuuzoa kabla ya jua kuchomoza. Pande za mashariki za visiwa ndizo huumia zaidi, kwa sababu ya upepo uleule niliousema. Ongeza vimbunga vya Juni hadi Novemba, kama Irma iliyoivunja Barbuda Septemba 2017 hadi wakazi wake wote wakahamishiwa Antigua, na utaona kwamba fukwe hizi si mali ya kudumu.

Kwa hiyo ukijaliwa kufika, usijifungie nyuma ya ukuta wa hoteli moja. Nenda siku ya Jumapili, wenyeji wanapokuja na sufuria zao, dhumna zao na bibi zao waliovaa kofia pana wakiogelea na nguo. Kanyaga mchanga mweusi na mweupe. Nunua samaki kwa aliyemkaanga. Ukiwa Barbados huhitaji hata teksi: basi la umma la kutoka Bridgetown linafika hadi Bathsheba.